Kuzoea joto la Ghuba: afya yako katika miezi ya kwanza

Ukurasa huu ni kwa ajili yako unayejiandaa kwenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar, Oman, Kuwait, Bahrain au Falme za Kiarabu, na pia wewe uliyefika majuzi na unajiuliza kwa nini kichwa kinauma kila siku na mkojo umekuwa wa rangi ya chai. Unafaa pia kusomwa na ndugu aliyebaki nyumbani, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayepigiwa simu kwanza mtu akiugua.

Wengi wetu tunaondoka tukiamini kwamba jua tunalijua, tumezaliwa nalo. Ni kweli kwamba tunaishi karibu na ikweta. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na siku ya joto kali huko mara nyingi haifiki nyuzi 30. Kericho, Njombe, Kigali na Bukavu ni baridi kuliko watu wa nje wanavyodhani. Riyadh na Kuwait mwezi wa Julai hupita nyuzi 45 mchana, na usiku huenda joto lisishuke chini ya 30. Mwaka 2016 kituo cha Mitribah, Kuwait, kilipima nyuzi 53.9. Hilo si jua lile unaloliacha shambani saa saba mchana ukaingia chini ya mwembe. Mtu wa Mombasa, Dar es Salaam au Lamu ana nafuu kidogo kwa sababu mwili wake umezoea kutoka jasho, ila nafuu hiyo haimkingi na Julai ya Ghuba.

Vipimo vya afya unavyofanyiwa kabla ya safari, yaani picha ya kifua, damu na mkojo, vinatafuta hasa magonjwa ya kuambukiza na mimba. Havionyeshi kama mwili wako uko tayari kwa joto. Kuandikiwa kwamba uko sawa kiafya hakumaanishi unaweza kubeba saruji juani siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege.

Mwili unahitaji wiki mbili

Mwili wa mtu mzima mwenye afya hujifunza joto kwa muda wa siku 7 hadi 14. Katika siku hizo unaanza kutoka jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, jasho linapoteza chumvi kidogo kuliko mwanzo, na moyo hauendi mbio kama siku ya kwanza. Mabadiliko haya huja kwa kukaa na kufanya kazi kwenye joto lenyewe, kidogo kidogo. Hayaji kwa kukaa chumbani kwenye kiyoyozi. Mtu aliyepumzika kambini wiki mbili akisubiri kibali, kisha akapelekwa juani kwa siku nzima, ni mgeni wa joto kama aliyefika jana.

Kwa kazi nzito ya nje, wataalamu wa afya kazini wanashauri mgeni afanye takriban asilimia 20 ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Kwa hesabu hiyo unafika kazi kamili siku ya tano. Tunajua kwamba msimamizi wengi hawatakuuliza umefika lini. Mwambie mwenyewe, na uwaambie wenzako pia: "Mimi mgeni, hii ni siku yangu ya tatu." Vifo vingi vya joto kazini hutokea katika siku za kwanza, na mwenzako anayejua kwamba wewe ni mgeni atakuangalia kwa makini zaidi.

Kama una nafasi ya kuchagua tarehe ya kusafiri, chagua kati ya Novemba na Februari. Hali ya hewa wakati huo ni nzuri, na joto litakapopanda kuanzia Aprili mwili utapanda nalo. Beba sweta. Usiku wa Januari Riyadh na jangwani unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, jambo ambalo huwashangaza watu wote waliofungasha nguo za joto tu.

Joto kavu na joto la unyevu

Miji ya Ghuba hailingani. Riyadh ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unadhani hutoki jasho kumbe unapoteza maji kila dakika. Midomo kupasuka, pua kutoka damu na chumvi nyeupe kwenye shati ndizo ishara zake. Doha, Dubai, Dammam, Jeddah na Muscat ziko baharini. Huko, hasa Agosti, hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Nyuzi 38 za Doha zinaweza kukuangusha mapema kuliko nyuzi 43 za Riyadh. Salalah, kusini mwa Oman, ni habari nyingine kabisa: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba kuna mvua za manyunyu na ukungu, milima inakuwa kijani, na Waarabu wenyewe husafiri kwenda kupunga hewa.

Feni inasaidia joto likiwa chini ya nyuzi 40. Zaidi ya hapo feni inakupulizia hewa ya moto na kuongeza joto la mwili, kwa hiyo lowanisha ngozi na nguo kwa maji kwanza, au tafuta chumba chenye kiyoyozi.

Jambo dogo ambalo wenyeji wanalijua: wakati wa kiangazi maji ya bomba la "baridi" hutoka kwenye tangi la juu ya paa yakiwa ya moto wa kuunguza. Watu huzima hita ya ndani ya bafu, kisha huoga kwa bomba la "moto", maana maji yaliyokaa ndani ya nyumba ndiyo ya baridi zaidi. Ukipewa kumwogesha mtoto, pima maji kwa mkono kila mara.

Kunywa nini, na kiasi gani

Unapofanya kazi kwenye joto, kunywa kikombe kimoja cha maji (karibu mililita 250) kila dakika 15 hadi 20. Kunywa kidogo mara nyingi ni bora kuliko kumaliza chupa kubwa mara moja. Usisubiri kiu, kwa sababu kiu huja ukiwa umeshapungukiwa. Usizidishe pia: zaidi ya lita moja na nusu kwa saa inaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa au kupata degedege.

Maji ya kawaida yanatosha kwa saa moja au mbili za kazi. Ukitoka jasho kwa saa nyingi unahitaji chumvi, na mara nyingi chakula kinaileta: mchuzi, supu, mkate, wali wenye chumvi. Laban inayouzwa kila duka huko inafanana na maziwa ya mgando, ni nafuu na inafaa sana. Tende zina sukari na potasiamu. Pakiti ya ORS kutoka duka la dawa ni nzuri. Ukikosa, tengeneza kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visiwe vya kilima. Vidonge vya chumvi visivyoandikwa na daktari achana navyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu havifai kwa kazi ya juani: vinaongeza mapigo ya moyo na vinaficha uchovu ambao ungekuonya. Chai ya maziwa haina ubaya, ila isichukue nafasi ya maji.

Njia rahisi ya kujipima ni mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa manjano iliyokolea, ongeza maji. Ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi au kama soda ya kola, na misuli inauma, usingoje kesho, nenda hospitali. Hiyo inaweza kuwa misuli inayovunjika na kuziba figo.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu figo ndicho kiungo kinachoumia kimya kimya. Madaktari wa Nepal, nchi iliyopeleka vijana wengi Ghuba, wamekuwa wakipokea wanaume wa miaka ya ishirini na thelathini waliorudi nyumbani na figo zilizokufa, wakihitaji kusafishwa damu. Kukauka maji mara moja mwili husamehe. Kukauka kila siku kwa miaka miwili, huku ukimeza Brufen au diclofenac kila jioni kwa maumivu ya mgongo, ni jambo lingine. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mwili uliokauka tayari umeipunguza. Kwa maumivu ya kawaida chagua paracetamol, usizidishe dozi, na kunywa maji.

Wanawake wengi wanaofanya kazi za nyumbani hujizuia kunywa maji kwa sababu hawana ruhusa ya kwenda chooni wakitaka, au choo chao kiko mbali, juu ya paa. Matokeo yake ni maambukizi ya njia ya mkojo: kuungua unapokojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu. Ukiongeza homa na maumivu ya ubavuni, maambukizi yamefika kwenye figo na yanahitaji antibiotiki haraka. Dada, kunywa maji si kupoteza muda wa mwajiri. Kama unaweza kuongea na mama wa nyumba, mwambie hivi: mfanyakazi aliyelazwa hospitali kwa figo ni hasara kwa kila mtu.

Saa za jua kali

Nchi zote sita zimeweka marufuku ya kufanya kazi juani saa za mchana wakati wa kiangazi. Saudi Arabia ni kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, saa sita hadi saa tisa mchana. Falme za Kiarabu ni tarehe hizo hizo, saa sita na nusu hadi saa tisa. Oman ni Juni hadi Agosti, saa sita na nusu hadi tisa na nusu. Kuwait ni Juni hadi Agosti, saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Qatar ni 1 Juni hadi 15 Septemba, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, na tangu 2021 kazi ya nje inatakiwa kusimama wakati wowote kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo kikipita nyuzi 32.1. Bahrain nayo ina marufuku yake ya mchana katika kilele cha kiangazi. Uliza tarehe za mwaka huo ukifika, kwa kuwa serikali hubadilisha.

Marufuku haya yaliandikwa kwa kazi za nje, hasa ujenzi. Hayakuandikwa kwa anayeosha gari la mwajiri saa saba mchana, anayefagia paa au anayepika jikoni kusiko na kiyoyozi. Kazi za nyumbani zina sheria zake. Ukiwa huko ndani, jipangie mwenyewe: kazi za nje alfajiri au baada ya jua kuzama, jikoni toka kila nusu saa unywe maji na upoe.

Na kwa sababu madirisha hayafunguliwi wakati wa kiangazi, angalizo moja: usichanganye Jik, au dawa nyingine yoyote yenye klorini, na dawa ya choo yenye asidi au sabuni yenye amonia. Hewa inayotoka huunguza mapafu, na katika bafu lililofungwa haina pa kutokea. Ikikutokea, toka nje mara moja, usirudi kuchukua ndoo.

Ngozi, macho na vitamini D

Ngozi nyeusi inakulinda kwa kiasi, lakini inaungua, inakauka na kupata vipele vya joto, vile vidogo vinavyowasha shingoni, kwapani na chini ya matiti. Nguo za pamba zisizobana, za mikono mirefu, na kuoga maji ya vuguvugu hutosha kwa wengi. Mafuta mazito kama Vaseline huziba vinyweleo, kwa hiyo usiyapake mchana kabla ya kazi. Mwanga unaorudi kutoka kwenye mchanga na vioo vya majengo huumiza macho, na miwani ya jua inayozuia mionzi ni kifaa cha kazi, si urembo.

Kama una ualbino, fikiri mara mbili kuhusu kazi ya nje huko, na tunasema hivi bila kuzunguka. Mafuta ya kujikinga na jua yenye nguvu ya 30 au zaidi, kofia pana na nguo ndefu ni lazima hata kwa safari ya dukani, na kazi iwe ya ndani.

Watu hushangaa wakiambiwa kwamba wamepungukiwa vitamini D katika nchi yenye jua namna hii. Ni kawaida kabisa Ghuba. Mwili hutengeneza vitamini hiyo jua likigusa ngozi, na huko watu hushinda ndani, wakitoka wamejifunika, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Maumivu ya mifupa ya mapajani na mgongoni, na udhaifu wa kupanda ngazi, yanaweza kutoka hapo. Kipimo cha damu kinaonyesha, na tiba ni ya vidonge. Kati ya Novemba na Machi, dakika chache za jua la asubuhi mikononi na usoni zinasaidia.

Uchovu wa joto, na hatari inayoua

Uchovu wa joto huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi na ngozi baridi yenye unyevu. Mtu bado anaongea vizuri. Mtoe juani, mvue viatu na nguo za juu, mlaze miguu ikiwa juu kidogo, mpe ORS kidogo kidogo. Anatakiwa kupata nafuu ndani ya nusu saa. Asirudi kazini siku hiyo.

Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo unaungua. Dalili kuu ni akili kubadilika: anaongea ovyo, anagombana bila sababu, anayumba kama mlevi, anaanguka degedege au anazimia. Ngozi inaweza kuwa kavu na ya moto, lakini aliyekuwa akifanya kazi anaweza kuwa bado ametota jasho, kwa hiyo jasho lisikudanganye.

Anza kumpoza hapo hapo huku mwingine akipiga simu. Mweke kivulini, mvue nguo, mtumbukize kwenye maji baridi kama kuna pipa au bafu, huku mmoja wenu akimshika kichwa kisizame. Hakuna pipa? Mwagieni maji mwili mzima bila kusimama na kumpepea, mkiweka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mkipakia mtu kwenye gari na kumkimbiza bila kumpoza, mnapoteza dakika zinazookoa ubongo. Usimpe chochote cha kunywa kama amechanganyikiwa, maana atapaliwa. Paracetamol haishushi joto la aina hii.

Namba za gari la wagonjwa: Saudi Arabia 997, Falme za Kiarabu 998, Qatar 999, Bahrain 999, Kuwait 112, Oman 9999. Ziandike ukutani, usitegemee simu yenye chaji. Neno la Kiarabu la gari la wagonjwa ni "is'af". Muscat una bahati ya pekee: Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanaongea Kiswahili, na si ajabu kumpata mmoja hospitalini au kwenye duka la dawa.

Si kila homa ni joto. Ukipata homa na kutetemeka katika wiki au miezi ya kwanza, mwambie daktari kwamba umetoka nchi yenye malaria na uombe upimwe. Malaria haisambai katika sehemu kubwa ya Ghuba, na daktari wa huko anaweza asiifikirie kabisa hadi umechelewa.

Dawa unazosafiri nazo

Ukitumia dawa za presha za kukojoza kama HCTZ au Lasix, ongea na daktari kabla ya kuondoka, kwa sababu zinakukausha na huenda dozi ikabadilishwa wakati wa kiangazi. Usiache ghafla mwenyewe. Piriton na dawa nyingine za mzio zinaweza kupunguza jasho. Insulini huharibika ikikaa garini au dirishani. Mwenye selimundu anahitaji maji mengi kuliko wengine, na kazi nzito ya juani haimfai. Mwenye pumu abebe pampu ya akiba kwa ajili ya dhoruba za vumbi.

Tramadol na dawa zenye codeine zinadhibitiwa vikali huko. Beba karatasi ya daktari, dawa zikiwa kwenye pakiti yake, na uulize masharti ya nchi unayokwenda kabla ya kupanda ndege. Miraa ni kosa la jinai. Usimbebee mtu kifurushi.

Ukirudi likizo

Mwili unasahau joto haraka. Wiki moja tu nje ya joto inaanza kuupunguzia uzoefu, na baada ya mwezi mmoja umeupoteza karibu wote. Mtu aliyekaa Doha miaka minne, akaenda Nyahururu mwezi wa Juni kumwona mama yake, akarudi Julai, ni mgeni tena kwa wiki mbili, hata kama yeye ndiye msimamizi wa kikosi. Aanze upya kidogo kidogo kama wengine.

Upande wa nyumbani nao una yake. Baada ya miaka miwili bila kuumwa na mbu wa malaria, kinga uliyokuwa nayo tangu utotoni imepungua sana. Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, hata kama mdogo wako atakucheka, na homa ikija pima siku hiyo hiyo.